Uongo Usio na Mwongo

Katika masomo ya maadili tuliyofundishwa zamani, uongo ulihitaji watu wawili: anayesema na anayeambiwa. Msemaji aliujua ukweli, akauficha, kisha akatoa neno jingine kwa nia ya kumpotosha mwenzake. Chuoni tulielekezwa namna ya kulieleza jambo hilo kwa watoto wa darasa la tatu, nao walielewa upesi, maana mtoto anaijua vizuri sana nia yake anaposema kwamba mbuzi amekula daftari. Lakini siku hizi, ndugu msomaji, upo uongo wa namna nyingine. Unamuumiza mtu barabara, na ukimtafuta mwongo humpati. Kila unayemhoji amesema kweli. Nataka kuuliza katika kurasa hizi: pale ambapo kila mmoja amesema kweli na bado mtu amedanganywa, lawama iwekwe wapi?

Mfano wangu unatoka katika jambo ambalo mzee wa umri wangu hatarajiwi kulifahamu, yaani mashine zinazopokea barua pepe. Nimelifahamu kwa sababu ya mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kutunza kompyuta za ofisi moja mjini Bukoba. Akija Izimbya mwishoni mwa juma hukaa nami barazani akinieleza yaliyomsumbua kazini, nami humuuliza maswali kama nilivyozoea kuwauliza wanafunzi wangu wa ualimu, hata achoke. Mengi aliyonieleza nimeyasahau. Haya ninayoyaandika hayakunitoka.

Kwanza mwendo wenyewe. Barua pepe haisafiri yenyewe. Hupelekwa na kompyuta moja kwa nyingine, na kompyuta hizo, ziitwazo seva, huzungumza kwa utaratibu uliokubaliwa, yaani itifaki. Ile ya barua pepe huitwa SMTP. Iliandikwa na Mmarekani Jon Postel na kutolewa Agosti 1982. Imeandikwa upya mwaka 2001 na tena mwaka 2008, lakini mazungumzo yenyewe hayakubadilika sana. Seva inayotuma hubisha hodi kwa neno HELO, ambalo ni salamu ya Kiingereza iliyopunguzwa herufi moja ili ibaki na herufi nne. (Siku hizi husema EHLO, kwa kuwa imejifunza mambo zaidi.) Hujitaja jina, husema barua inatoka kwa nani, kisha inakwenda kwa nani, na katika kila hatua hungoja jibu. Jibu huja kwa nambari ya tarakimu tatu. Ikianza na 2, maana yake ni vema. Ikianza na 3, endelea, nakusikiliza. Ikianza na 4, kwa sasa siwezi, rudi baadaye. Ikianza na 5, haiwezekani, usirudi tena na ombi lile lile. Barua ikisomwa yote, mtumaji huweka nukta moja peke yake katika mstari, na hapo mwenzake hujibu 250.

Nilipoelezwa tofauti ya 4 na 5 nilicheka peke yangu. Nikiwa mwalimu mkuu niliwahi kuiandikia ofisi moja, ambayo sitaitaja, kuomba madawati. Kwa miaka sita nilijibiwa kwamba suala langu linashughulikiwa. Hiyo ni 4. Kumbe tangu siku ya kwanza ilikuwa 5, na laiti wangeniambia hivyo ningewaendea wazazi mapema, tukapasua mbao zetu wenyewe. Seva iliyoambiwa 4 hurudi kugonga baada ya nusu saa au zaidi, na huendelea kwa siku nne au tano. Baadaye hukata tamaa, na inapokata tamaa haikai kimya: humwandikia mwenye barua kwamba imeshindwa, na kumweleza sababu. Mimi nilikata tamaa bila kuandikiwa na mtu.

Nirudi kwenye 250, kwa sababu humo ndimo mlimo na jambo. Nambari hiyo haina maana ya kwamba barua imesomwa, wala kwamba imefika mkononi mwa mlengwa. Maana yake ni kwamba seva iliyopokea sasa imebeba mzigo. Kabla ya 250, barua ikipotea, lawama ni ya mtumaji, naye analazimika kuitunza nakala yake. Baada ya 250, mtumaji ana ruhusa ya kuifuta. Kuanzia hapo mpokeaji ana njia mbili tu za heshima: aifikishe barua, au amwarifu mtumaji kwamba ameshindwa. Itifaki yenyewe inasema mpokeaji asiipoteze kwa sababu za kipuuzi, na kuzimika kwa mashine yake ni mojawapo ya sababu hizo za kipuuzi.

Sisi wa mkoa huu tunalielewa hilo bila kompyuta. Mkulima akipeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi, gunia ni lake mpaka litakapopanda mizani. Mvua ikilinyeshea njiani, hasara ni yake. Karani akishapima na kuandika stakabadhi, kahawa si ya mkulima tena kwa maana ya kuilinda. Ghala likivuja hata panya wakaja na jamaa zao, yeye ana karatasi yake. Ndiyo maana wazee wetu, hata wasiojua kusoma, walizikunja stakabadhi zile wakazitia ndani ya kikopo pamoja na kadi ya ubatizo. Walijua kwamba karatasi ile haikuwa kahawa. Ilikuwa neno la mtu kwamba amekubali kuulizwa.

Sasa kisa. Binti wa jirani yangu, aliyefiwa na baba, alimaliza kidato cha nne na kufaulu vizuri, akawa anajitolea katika ofisi ile ya mpwa wangu huku akitafuta ufadhili wa masomo ya uuguzi. Shirika moja lilikuwa limetangaza nafasi. Maombi yalitakiwa kwa barua pepe, mwisho siku ya Ijumaa. Yeye alituma Jumatano saa kumi jioni: barua, vyeti, na picha, vyote vikiwa vimefungashwa katika faili moja ili visitawanyike. Wiki zikapita. Mama yake, aliyekuwa amekwisha kuwaambia ndugu zake wasichange kwanza, alimsukuma aulize. Jibu likaja, la adabu kabisa: Hatukupokea maombi yako.

Mama hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa na maneno mawili mbele yake, la shirika kubwa lenye nembo juu ya karatasi, na la mwanawe wa miaka kumi na tisa. Akaliamini la nembo. Na majirani, kama kawaida yetu, wakasaidia: binti hakutuma chochote, alikuwa na mambo yake huko mjini, anamzuga mama. Ada haikupatikana, mwaka ukapita. Lakini ada ilikuwa hasara ndogo. Hasara kubwa ilikuwa kwamba binti ambaye hakuwahi kusema uongo kuhusu jambo hilo alitembea kijijini akiwa na jina la mwongo, na mama yake mwenyewe ndiye aliyelishika jina hilo kwa nguvu zaidi kuliko wote.

Mpwa wangu alipopata habari alikwenda kulisoma daftari la seva yake, maana mashine hizi huandika kila neno zinaloambiana. Mstari ukaonekana: Jumatano, saa kumi na dakika chache, seva ya shirika imejibu 250 pamoja na namba ya foleni iliyoipa barua ile. Akauchapa mstari huo kwenye karatasi, akaniletea.

"Mjomba," akasema, "wao wenyewe walisema wamepokea."

Kisha akampigia simu fundi mwenzake wa kule, na yule fundi, ambaye namheshimu kwa ukweli wake, hakuficha. Walikuwa wamesumbuliwa mno na virusi vinavyoletwa ndani ya mafaili yaliyofungashwa. Wakaweka kanuni: kila barua yenye faili la namna hiyo ipokelewe, kisha itupwe. Asiambiwe mtumaji, asiambiwe mwandikiwa.

Tazama basi hali ilivyo. Seva ilisema nimepokea, na kweli ilipokea. Karani wa shirika alisema hatukupokea, na kweli mezani pake haikufika. Hakujua hata kama kuna kanuni. Binti alisema nilituma, na alituma. Fundi hakumwambia mtu lolote, na aliyenyamaza hajasema uongo. Kweli nne, na katikati yake uongo mmoja mkubwa uliozunguka ukitafuta kinywa cha kukaa. Ukakipata cha aliye mnyonge kuliko wote. Nimewaza jambo hilo mara nyingi, na nadhani si bahati mbaya. Uongo usio na mwongo haukai hewani. Watu hawawezi kuvumilia kosa lisilo na mwenyewe, hivyo humtafutia mtu, na hawamtafuti ofisini kwa mwenye nembo.

Nilimpelekea yule mama karatasi. Nikamweleza pole pole, kama darasani, maana ya nambari ile. Akaitazama muda mrefu.

"Mwalimu, hii ndiyo stakabadhi?"

Nikamwambia ndiyo, mama, hii ndiyo stakabadhi. Akaomba abaki nayo.

Wapo watakaosema kwamba mashine haina nia, na pasipo nia hapana uongo. Nakubali nusu ya kwanza. Mashine haina nia, kama ndoo isivyo na nia. Lakini kanuni ile haikuota kama uyoga. Ilikuwapo saa ambayo mtu alikaa mbele ya kioo akachagua kati ya njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kukataa mlangoni: mtumaji akiwa bado anazungumza, kabla ya 250, aambiwe 550 na sababu yake. Seva ya mtumaji ingebaki na mzigo wake, na ingemwandikia binti jioni ile ile kwamba mafaili ya namna hii hayapokelewi. Alikuwa na siku mbili za kutuma upya. Njia ya pili ilikuwa kupokea na kutupa. Zote mbili zingezuia virusi sawasawa. Tofauti ni kwamba ya kwanza hukuletea malalamiko na ya pili haileti. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo lawama ilipo: katika kuchagua ukimya kwa sababu ukimya hauna simu zinazolia. Mtu anaweza kuutengeneza uongo akaondoka, nao ukasemwa miaka mingi baadaye, yeye akiwa amelala.

Lazima nimtendee haki fundi. Ukimya huu haukuanza kwa uvivu. Walaghai wa barua pepe huandika jina la uongo la mtumaji, na jina hilo aghalabu ni la mtu halisi asiye na habari. Seva ikipokea barua ya ulaghai kisha ikarudisha taarifa ya kushindwa, taarifa humwangukia huyo asiye na hatia, pengine elfu kwa siku moja. Ndiyo sababu mafundi waliacha kurudisha. Waandishi wa itifaki ya mwaka 2008 waliliona hilo, wakaruhusu kutupa kimya kimya, lakini kwa sharti: pale tu palipo na hakika kubwa sana kwamba barua ni ya hila. Faili kufungashwa si hakika kubwa. Ni shuku. Na mwenye shuku hukataa mlangoni. Hamkaribishi mgeni kwa tabasamu kisha akamtoa kwa mlango wa nyuma akiwa ndani ya gunia.

Lipo jambo jingine ambalo lilinipa faraja. Je, mwenye mlango analazimika kumwambia kila anayegonga yote anayoyajua? Mwaka 1797 Mjerumani Immanuel Kant aliandika juu ya muuaji anayekuja mlangoni kuuliza kama rafiki yako yumo ndani. Akasema hata muuaji huyo usimwambie uongo. Tangu hapo watu wengi wamemwona Kant kuwa mtu mgumu asiye na huruma, na mimi ni mmojawapo. Seva nazo zinalo swali hilo. Zamani ungeweza kuiuliza seva kwa neno VRFY: je, mtu fulani ana sanduku hapo kwako? Ikajibu bila hofu. Walaghai wakaligundua, wakawa wanauliza majina maelfu ili kukusanya anwani. Seva ingefanyaje? Ikisema yupo, inamtoa mtu wake. Ikisema hayupo, inadanganya. Itifaki ikatengeneza jibu la tatu, 252, ambalo kwa Kiswahili chetu ni kama kusema: siwezi kukuthibitishia, lakini ukiwa na barua ilete, nitajitahidi kuifikisha. Na ikakataza kutumia 250 kwa jina ambalo seva haikulithibitisha. Nampenda sana mtu aliyelifikiria jibu hilo. Halimfichui mwenyeji, halimdanganyi mgeni, na linasema wazi kwamba lipo lisilosemwa. Kuficha kwa uwazi ni kitu tofauti kabisa na kuficha kwa kujifanya hakuna kilichofichwa. Wazazi wetu walikuwa na 252 zao. Ulipomuuliza mama jambo la wakubwa hakukutungia hadithi, alisema hayo si ya watoto, ukaenda zako ukiwa na njaa ya kujua lakini hujadanganywa.

Mwaka jana mpwa wangu alikutana na ndugu wa uongo ule ule, katika seva yao wenyewe. Wanatumia Exchange ya Microsoft, ambayo tangu toleo la mwaka 2007 ina mlango mwingine uitwao Exchange Web Services, kwa ajili ya programu nyingine kuomba na kuweka barua. Ujumbe wa mlango huo huandikwa kwa itifaki ya SOAP, na jina la sehemu ya nje ya ujumbe ni bahasha hasa, na ndani yake kuna kichwa na mwili. Bahasha hiyo husafiri ndani ya itifaki nyingine, HTTP, ile inayobeba kurasa za intaneti, nayo ina nambari zake: 200 ni vema, 401 ni hujajitambulisha, 500 ni mimi mwenyewe nimekwama, 503 ni kwa sasa sipatikani. Programu moja iliyoachwa na fundi aliyetangulia ilikuwa ikiweka taarifa za kila siku katika masanduku ya wafanyakazi. Kila siku iliandika kwamba mambo ni mema. Mhasibu akalalamika kwamba haoni kitu wiki mbili. Mpwa wangu akaufungua ujumbe: nje 200, ndani kosa, sanduku la mhasibu limejaa. Programu ilikuwa inasoma nje tu.

Hapa siwalaumu waliotengeneza seva, na tulibishana kwa hilo mpaka chai ikapoa. Kwa upande wao, bahasha kweli ilifika salama na ikajibiwa. Kilichoshindikana ni ombi lililokuwamo. Kosa ni la asiyefungua bahasha. Lakini nikakumbuka taarifa tulizokuwa tukizituma wilayani, mahudhurio mazuri, vitabu vinatosha, zikiwa zimepigwa mhuri na kutiwa saini, na jinsi mkaguzi hodari alivyojulikana kwa kutozisoma. Alikwenda moja kwa moja darasani akamwambia mtoto asome.

Katika SOAP hiyo nimekuta sheria mbili ambazo ningependa zibandikwe ukutani katika kila chumba cha walimu. Moja: mtumaji anaweza kutia alama kwenye sehemu ya kichwa, maana yake, lazima uielewe hii. Mpokeaji asipoielewa haruhusiwi kuiruka na kuendelea. Ni lazima akatae aseme sikuelewa. Ya pili: kosa likitokea, jibu lazima litaje ni la upande gani. Katika toleo la mwaka 2000 pande hizo ziliitwa mteja na seva. Katika lile la mwaka 2003 zikaitwa mtumaji na mpokeaji. Kosa la mtumaji ni kwamba ombi limekaa vibaya, asilirudishe kama lilivyo. Kosa la mpokeaji ni kwamba ombi ni zuri, mimi ndiye niliyeshindwa, pengine nikijaribiwa baadaye nitaweza. Nimefanya kazi na walimu wazuri ambao kwa miaka thelathini hawakuwahi kutoa jibu la aina ya pili. Wanafunzi wa mwaka huu ni wazito, walisema, kila mwaka.

Yule binti alipata ufadhili kwingine mwaka uliofuata, na sasa anafanya kazi katika zahanati. Yeye na mama yake wanasalimiana vizuri. Zaidi ya hapo sikuuliza.

Mpwa wangu naye ameikagua seva yake. Ameondoa kila kanuni ya kutupa kimya, akaweka kukataa mlangoni. Na hapo nikajifunza jambo la mwisho: nambari 550 haibadiliki, lakini maneno yanayoifuata ni huru, fundi huandika apendavyo, mradi atumie herufi za kawaida za Kilatini zisizo na alama juu yake. Kiswahili kinatosha humo bila kupunguzwa hata herufi moja. Ameandika: "Samahani, hatupokei mafaili yaliyofungashwa. Barua yako haikuingia. Tafadhali tuma kila faili peke yake."

Nilimwambia alifute neno samahani. Mashine haisikitiki, na tumetoka kuzungumza juu ya uongo. Yeye akasema, "Mjomba, si mashine inayosikitika, ni mimi niliyeandika." Nikamuuliza je, atasikitika saa nane za usiku, akiwa usingizini, kwa barua ya mtu asiyemjua? Akanyamaza kidogo, akasema amekwisha kusikitika mara moja kwa wote. Neno bado lipo. Sijakubali, lakini sijapata jibu la kumpa.